Kama transista nayo ni rezista, mbona yangu iliungua kwa kukosa rezista?

Msomaji wetu ameandika hivi: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi umeme, mwaka wa pili, niko Mwanza. Natengeneza saketi ya kuwasha taa ya banda la kuku giza likiingia. Nina betri ya volti 12, rezista ya mwanga ile inayoitwa LDR, transista BC547, rilei ya volti 12 (swichi inayovutwa na koili yake ikipata umeme), na volyumu ya kilo-omu 100 ya kurekebishia. Volyumu nimeifunga kutoka chanya ya betri hadi kwenye mguu wa beisi wa transista, na LDR kutoka kwenye beisi hadi hasi. Nilipokuwa nazungusha volyumu transista ikatoa moshi, ikapasuka. Mwenzangu anasema nilikosa kuweka rezista. Lakini volyumu si rezista? Na darasani tuliambiwa hata jina la transista limetoka kwenye rezista. Sasa tofauti ya hivi viwili ni nini hasa, na kwa nini kimoja kihitaji kulindwa na kingine?"

Marahaba, mwanangu. Hapo kuna maswali matatu, na la kwanza ndilo lililokuunguzia transista, basi tuanze nalo.

Ndiyo, volyumu ni rezista. Hiyo ya kilo-omu 100 ina omu 100,000 kutoka mguu wa pembeni hadi mguu wa pembeni, na ule wa katikati unateleza juu ya njia hiyo. Ukizungusha upande mmoja unabaki na omu zote. Ukizungusha upande wa pili hadi mwisho, unabaki na omu chache tu au sifuri kabisa. Kwa hiyo ulikuwa na rezista mpaka pale ulipoizungusha ikaisha. Wakati huo beisi ya BC547 ilikuwa inakunywa moja kwa moja kutoka kwenye betri ya volti 12, na hakuna kitu kilichobaki njiani cha kuuzuia mkondo. Kama volyumu ilikuwa imebakiza omu 10 tu, mkondo ulioingia kwenye beisi ulikuwa zaidi ya ampea moja. Beisi ya BC547 haitakiwi kupita miliampea 200 hata kwa kitambo kidogo. Nina hakika ukiinusa hiyo volyumu yako utakuta nayo imeungua upande mmoja. Usiitumie tena.

Lakini kwa nini transista yenyewe haikuuzuia mkondo huo? Tofauti yote ya vifaa hivi viwili imo katika jibu la swali hilo, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Chukua rezista ya kawaida, ile yenye miguu miwili na mistari ya rangi, ambayo vitabu vingine vya shule huiita kikinzani. Kazi yake ni moja: kuukinza mkondo kwa kiasi kilichopangwa kiwandani. Georg Simon Ohm, mwalimu wa Kijerumani, alichapisha mwaka 1827 kanuni tunayoitumia mpaka leo: volti zilizo kati ya miguu miwili ni sawa na mkondo mara ukinzani. Ukiongeza volti maradufu, mkondo nao unaongezeka maradufu. Ukipunguza nusu, unapungua nusu. Ukichora kwenye karatasi unapata mstari ulionyooka. Rezista ya kilo-omu 1 ukiipa volti 5 inapitisha miliampea 5, na ukiipa volti 10 inapitisha miliampea 10. Ukiigeuza, mguu wa kulia uende kushoto, jibu ni lile lile. Kwa sababu hiyo rezista haina chanya wala hasi, na fundi anailehemu bila kuuliza upande.

Na nguvu inayozuiwa inakwenda wapi? Inakuwa joto, yote. Rezista haitunzi umeme kama kapasita wala haiurudishi. Ndiyo maana dukani huulizwi omu peke yake, unaulizwa na wati. Zile ndogo zilizozoeleka ni za robo wati, na zile nene za kauri unazoziona kwenye bodi za TV na za chaja kubwa ni za wati 5, 10 na kuendelea. Omu zinaweza kuwa zile zile, kinachotofautiana ni joto ambalo mwili wake unaweza kulibeba bila kuungua.

Sasa transista. BC547 ina miguu mitatu: kolekta, beisi na emita. Ndani yake kuna kipande kidogo cha silikoni chenye tabaka tatu. Silikoni safi haipitishi umeme vizuri, lakini ukiichanganya na chembe kidogo sana za fosforasi inapata elektroni za ziada, na ukiichanganya na boroni inapata nafasi zisizo na elektroni. BC547 ni ya aina ya NPN, yaani tabaka la katikati ni la aina ya pili na limebanwa na mawili ya aina ya kwanza. Hilo la katikati ndilo beisi, nalo ni jembamba sana. Ukiipa beisi mkondo kidogo, elektroni zinatoka kwenye emita kuingia humo, na kwa kuwa tabaka lenyewe ni jembamba, nyingi zinalivuka na kuangukia kwenye kolekta kabla hazijapata pa kutokea. Chache ndizo zinazotokea beisi. Matokeo yake, mkondo mdogo wa beisi unaruhusu mkondo mkubwa zaidi kupita kutoka kolekta hadi emita. Kwenye BC547 uwiano huo, unaoandikwa hFE kwenye mita yako, ni kuanzia 110 hadi 800, kutegemea herufi iliyo mwishoni mwa jina lake.

Wanafunzi wangu nimekuwa nikiwapa mfano wa barabara. Rezista ni tuta. Limejengwa, limekauka, usiku na mchana liko vile vile, kila gari linapunguza mwendo kwa sababu yake. Transista ni mkono wa trafiki. Askari akiinua kiganja, lori la tani 30 linasimama, akikipunga, linaondoka. Na lori haliendi kwa nguvu ya kiganja cha askari, linakwenda kwa dizeli yake. Vivyo hivyo transista haizai umeme. Watu husema inakuza mkondo, na usemi huo umewapotosha wengi. Mkondo mkubwa unatoka kwenye betri, transista inaamua tu upite kiasi gani. Mfano wangu una upungufu mmoja: trafiki anasimamisha au anaruhusu, wakati transista inaweza kuruhusu robo, nusu au robo tatu, na bila uwezo huo tusingekuwa na redio wala vikuza sauti.

Turudi kwenye moshi wako. Kati ya beisi na emita kuna kiungo kinachofanya kazi kama diodi, yaani kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu. Chini ya nusu volti hivi hakipitishi kitu cha maana. Kikikaribia volti 0.6 kinaanza kufunguka, na tangu hapo mkondo haupandi kwa mstari ulionyooka kama wa Ohm. Unapanda kwa kuruka: kila ukiongeza kama volti 0.06, mkondo unakuwa mara kumi. Fikiria hesabu hiyo. Kutoka volti 0.6 hadi 0.72, nyongeza ndogo tu, mkondo umekuwa mara mia. Kifaa cha namna hiyo hakiwezi kujilinda. Ukikipa volti 12 bila kitu kingine njiani, kitajaribu kupitisha mkondo wowote ambao betri inaweza kutoa, na kabla hakijafika huko kimekwisha kuyeyuka.

Rezista ndiyo inayoweka ukomo. Beisi ikichukua volti 0.7, zile 11.3 zinazobaki zinaikalia rezista, na rezista kwa kuwa ina kanuni iliyonyooka, wewe unajua kwa hakika ni mkondo gani utapita. Weka kilo-omu 22: 11.3 gawa kwa 22,000, unapata kama miliampea 0.51. Basi. Hautazidi hapo hata transista ikibadilishwa kwa nyingine ya aina yake, hata mchana uwe na joto. Mkondo unaoingia kwenye beisi unapangwa na rezista, na transista inautumia huo kuamua mkondo wa rilei. Uamuzi uko kwa transista na kipimo kiko kwa rezista.

Kuhusu jina, ulichoambiwa darasani kina ukweli wake. Transista ya kwanza ilifanya kazi Desemba 1947 katika maabara za Bell huko Murray Hill, jimbo la New Jersey, Marekani. Walioiunda kwa mikono yao ni John Bardeen na Walter Brattain, wakiwa katika kundi la William Shockley, na wote watatu walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1956. Haikuwa ya silikoni bali ya jemaniamu, ikiwa na ncha mbili za dhahabu zilizobanwa juu yake. Mwaka 1948 mwenzao mmoja wa maabara hizo, mhandisi John Pierce, ndiye aliyependekeza jina. Wakati huo vilikuwepo vifaa vinavyoitwa varista na thamista, ambavyo ni rezista zinazobadilika kwa volti na kwa joto. Pierce alichukua mwisho wa majina hayo akautia mbele yake neno lenye maana ya kuhamisha. Wazo lilikuwa kwamba badiliko linalofanyika upande mmoja wa kifaa linahamia upande wa pili na kubadilisha ukinzani wa huko. Kwa hiyo jina linakueleza tofauti yenyewe, ukilisoma vizuri: ni ukinzani unaotawaliwa kutoka mlango mwingine.

Hapo sasa ndipo ninapotaka uangalie saketi yako kwa macho mapya, kwa sababu ina aina tatu za ukinzani na kila mmoja una tabia yake. Rezista ya kilo-omu 22 haibadiliki. Volyumu inabadilika, lakini kwa kidole chako. LDR inabadilika kwa mwanga: juani inashuka hadi omu mia chache au chini zaidi, na gizani inapanda hadi mamia ya kilo-omu au zaidi. Mtu anaweza kuuliza, kama LDR inabadilika yenyewe, transista ya nini? Si tungefunga LDR na rilei tu?

Jaribu kwa hesabu. Koili nyingi za rilei ndogo za volti 12 zina kama omu 400, kwa hiyo zinahitaji kama miliampea 30. Tuseme LDR yako nayo imeshuka hadi omu 400, ukaifunga kwa mfululizo na koili. Volti 12 zinagawanyika sawa, 6 kwa 6. Mkondo ni miliampea 15, na rilei haitavuta kwa nusu ya volti zake. Juu ya hapo, volti 6 mara miliampea 15 ni miliwati 90 za joto ndani ya LDR, na zile ndogo za milimita 5 zinavumilia miliwati 100 tu. Umeifikisha ukingoni, na taa haijawaka. Tena ingewaka mchana, si usiku. Hakuna kati ya hizo rezista tatu inayoweza kutumia mkondo mdogo kuamuru mkondo mkubwa, kwa sababu rezista yoyote, hata ile inayobadilika, ina njia moja tu, na mkondo unaotaka kuutawala lazima upite humo humo. Transista ina njia mbili. Mguu wa tatu ndio unaoleta njia ya pili, na mimi nikiulizwa tofauti kwa neno moja, najibu: mguu.

Kwenye saketi iliyo sahihi, rilei inakaa kati ya chanya na kolekta. Emita inakwenda hasi. Kutoka chanya kuna rezista ya kilo-omu 22 hadi beisi, na LDR inatoka beisi hadi hasi kama ulivyofanya. Mchana LDR ina omu chache, basi ule mkondo wa miliampea 0.5 unaona njia rahisi pembeni na kumalizikia humo, na volti za beisi hazifiki hata nusu. Transista imefunga. Jua likizama omu za LDR zinapanda, mkondo unakosa pa kupitia, unageukia beisi, transista inafunguka na rilei inavuta. Ukitaka kurekebisha saa ya kuwaka, usiitupe volyumu, ila iweke pamoja na rezista isiyobadilika. Rezista ya kilo-omu 10 ikifuatiwa na volyumu ya kilo-omu 20 inakutosha. Ukiizungusha yote hadi sifuri, bado kuna kilo-omu 10 na mkondo wa beisi hauvuki miliampea 1.13. Hiyo ya kilo-omu 100 uliyokuwa nayo ilikuwa kubwa mno upande mmoja na hatari upande mwingine: mwisho wake wa juu hauipi beisi mkondo wa kutosha kuvuta rilei kwa uhakika, na mwisho wake wa chini umeuona.

Rangi, maana dukani unaweza kupewa kitu kingine: kilo-omu 22 ni nyekundu, nyekundu, chungwa, kisha dhahabu. Kilo-omu 10 ni kahawia, nyeusi, chungwa, dhahabu. Za mistari mitano zinasomwa tofauti, na chini ya taa ya duka chungwa na nyekundu zinafanana sana, kwa hiyo pima kwa mita kabla hujatoka dukani.

Kitu kingine ambacho hukukitaja, nami nahisi hukukiweka, ni diodi. Koili ya rilei inapokatiwa mkondo ghafla inarudisha msukumo wa volti nyingi, na BC547 imepangwa kustahimili volti 45 kati ya kolekta na emita. Ukiifunga bila diodi inaweza kufanya kazi wiki moja, kisha asubuhi moja ukakuta imekufa na hujui sababu. Funga 1N4007 sambamba na koili, upande wenye mstari uelekee chanya. Usigeuze. Ukigeuza, diodi itaipitishia kolekta volti 12 zote na transista itaondoka mara tu itakapofunguka.

Kuhusu joto, kuna jambo ambalo vitabu hulipitia haraka na mafundi wengi hulijua kwa kuungua vidole. Rezista inapata joto kila mkondo unapopita, ndiyo kazi yake. Transista haiko hivyo. Ikiwa imefunga kabisa, mkondo haupiti, hakuna joto. Ikiwa imefunguka kabisa, kati ya kolekta na emita kunabaki volti kama 0.2, na kwa miliampea 30 hiyo ni miliwati 6, huwezi hata kuisikia kwa kidole. Inayochoma ni hali ya katikati. Rilei ikipata volti 6 na transista zikaiangukia 6 nyingine, umepata zile miliwati 90 tulizoziona kwenye LDR. BC547 inazibeba, maana mwili wake umepangwa kwa miliwati 500 hivi, lakini chukua mfano huo upeleke kwenye sabufa yenye ampea kadhaa na volti 30 na kitu, utaelewa kwa nini transista za sauti zinafungwa kwenye kipande kikubwa cha alumini. Za sauti hukaa katikati muda wote, kwa sababu muziki hauna kuwaka na kuzima tu. Yako wewe ni swichi, na swichi inatakiwa ipite katikati haraka. Jioni giza huingia taratibu, kwa hiyo unaweza kusikia rilei ikitetemeka dakika moja mbili. Transista ya pili ingeondoa tabia hiyo. Kwa banda la kuku, ningeanza na moja, niione kwanza.

Sasa upande wa kupima. Hapa tofauti ya vifaa hivi inakuja mkononi kabisa. Rezista iliyotolewa kwenye bodi inasoma omu zile zile ukiweka nyaya za mita hivi au ukizibadilisha. Ikiharibika, kwa kawaida omu zake zinapanda au inakatika kabisa. Ni nadra sana ifungamane, yaani ipitishe mkondo kama waya mtupu. Transista ya NPN iweke kwenye alama ya diodi: waya mwekundu kwenye beisi, mweusi kwenye emita, unapata kama 0.6 au 0.7; mweusi kwenye kolekta, vivyo hivyo. Ukibadilisha nyaya isisome kitu. Kati ya kolekta na emita isisome kitu pande zote mbili. Ikilia au ikaonyesha sifuri hapo, imekufa kwa kufungamana, na ndicho kifo chake cha kawaida. Kwenye saketi yako dalili yake ingekuwa taa inayowaka mchana na usiku, hata ukiifunika LDR au kuimulika. Haya yote yafanye kifaa kikiwa nje ya bodi, au angalau kikiwa kimenyanyuliwa mguu mmoja. Kikiwa ndani, mita inasoma na vyote vilivyo sambamba nacho, na utatupa kizima ubakize kibovu.

Niliwahi kuletewa kikuza sauti cha msikiti mmoja, kimepita kwa mafundi wawili. Kila mmoja alikuta rezista imeungua nyeusi karibu na transista za mwisho, akaibadilisha, ikaungua tena siku hiyo hiyo. Wa pili alikuwa amefikia kuweka kipande cha waya mahali pake. Tatizo lilikuwa transista iliyofungamana kolekta na emita: ilikuwa inavuta mkondo wote uliopo, na rezista ilikuwa inaubeba mpaka inashindwa. Waya ule ulichoma na njia za bodi, na gharama ikawa mara nne. Tangu hapo sijawahi kubadilisha rezista iliyoungua bila kupima transista zote zilizo jirani nayo. Rezista haiungui peke yake bila sababu. Kuna kitu kimeidai mkondo. Na waya mahali pa rezista ni kosa ambalo sitakaa nilivumilie kwa mwanafunzi wangu yeyote.

Nimeeleza kana kwamba transista si rezista kabisa, lakini kuna mahali unakaribia kuwa sahihi ukisema ni rezista. Kuna transista za aina nyingine, za MOSFET, zilizotoka katika maabara zile zile za Bell kwa mikono ya Mohamed Atalla na Dawon Kahng mwaka 1959. Hizo beisi hazina. Zina geti, ambalo halivuti mkondo wa kudumu, linatawala kwa volti peke yake. Zikiwa zimefunguka kabisa, kati ya miguu miwili mikubwa kunakuwa na ukinzani wa kweli unaopimika kwa omu, na karatasi ya kiwanda inautaja. Watengenezaji wa chipu wamelitumia hilo kwa faida yao: ndani ya chipu rezista inakula nafasi kubwa kuliko transista, kwa hiyo mara nyingi mahali pa rezista wanaweka transista iliyopangwa ikinze. Chipu ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista kama 2,300. Chipu ya Apple M1 ya mwaka 2020 ina bilioni 16. Hata hivyo ukifungua simu au kompyuta yoyote utakuta kuzunguka chipu kuna vidude vidogo vyeusi vyenye namba kama 103 au 472. Hizo ni rezista, kilo-omu 10 na kilo-omu 4.7, zinafanya kazi ile ile ya kuweka kipimo.

Kabla hujanunua BC547 nyingine, fanya hivi. Pima koili ya rilei yako kwa omu. Ikisoma karibu na 400, endelea kama nilivyoeleza. Ikisoma chini ya 120, acha, maana itataka zaidi ya miliampea 100 na hapo ndipo ukomo wa BC547. Chukua 2N2222 ya plastiki ikae kwenye rilei, na BC547 iiamuru: emita ya BC547 iingie kwenye beisi ya 2N2222, kolekta yake ipate rezista ya kilo-omu 1 kutoka chanya, na upande wa LDR ubaki ulivyo. Angalia miguu kabla ya kulehemu. Ukiishika BC547 upande bapa ukutazame na miguu iwe chini, kutoka kushoto ni kolekta, beisi, emita. 2N2222 ya plastiki kwa kawaida ni kinyume, emita, beisi, kolekta. Na ukipewa C1815 kama mbadala, ambayo ni nzuri tu, jua beisi yake haiko katikati: ni emita, kolekta, beisi. Mita yenye tundu la hFE itakuthibitishia. Ukiingiza miguu vibaya itasoma namba ndogo sana au sifuri, ukiingiza sawa itasoma mamia.